Mlango kwa Mlango na Mama Bukwe

Ndugu wasomaji, ninyi mnaonifuata tangu mwanzo mnajua kwamba mimi, Arsène, fundi wa friji wa Lubumbashi, si mtu wa bahati. Kwa anayenikuta leo nitasema upesi upesi, maana leo sina hata nafasi ya kulia vizuri.

Kwanza kazi iliniponyoka. Kisha pikipiki yangu ikaibiwa mlangoni pa kanisa, mimi nikiwa ndani naimba. Kisha mtu mmoja mwenye mdomo usiopumzika akamwambia mke wangu, Jaël, kwamba ameniona Kolwezi nikila samaki sahani moja na mwanamke.

Kweli nilikula. Sikatai samaki. Lakini yule mwanamke ni Cathy, dada yangu, baba mmoja mama mbalimbali, ambaye hata mimi nilimfahamu juzi juzi tu kwenye kilio cha baba. Jaël hakungoja maelezo. Alifunga mizigo, akapanda basi, akarudi Likasi kwa mjomba wake Déogratias.

Ukoo wa Jaël ni watu wa Kambove, na kwao mjomba ndiye mwenye mtoto. Baba anazaa, mjomba anaamua. Basi, miezi ikapita, mjomba akanipigia simu, niende Jumamosi, siku wanayoiita ya mposho.

“Arsène, kuya siku ya mposho, mbele ya saa sita. Famille yote itaikala, utajitetea. Usipotokea, tutajua umemutupa mutoto yetu. Atabaki kwetu, na mambo itaishia pale.”

Akaongeza, sauti laini kabisa:

“Na usisumbuke juu ya pa kulala. Nilisha kukutafutia chambre kwa Placide, mu ville.”

Nikamshukuru. Tena nilimshukuru hadi nikainama, peke yangu, simu sikioni. Mjinga mimi!

Wiki iliyopita niliwaacha hapo Chez Placide, nimevua viatu, nimelala usingizi wa mtu aliyesamehewa kabla hajahukumiwa. Ni hoteli ndogo, nyumba ya zamani ya Wabeleji katikati ya mji wa Likasi, kwenye barabara ile ya jakaranda na maduka yenye nguzo. Sebule mbele, korido moja nyembamba ya vigae, vyumba huku na huku, choo na bafu mwishoni. Bei yake haimwumizi mtu. Madirisha yana vyuma, ndivyo vile tunavyoita antivol. Mwizi haingii.

Sikujiuliza kama mgeni anatoka.

Asubuhi ya Jumamosi niliamka na moyo mweupe. Taulo begani, sabuni mkononi, nikashika kitasa niende kuoga.

Nikasikia wimbo.

Wimbo wa kanisa, polepole, sauti nzito ya mwanamke mtu mzima. Sauti hiyo naijua. Ndiyo iliyoongoza nyimbo siku ya ndoa yangu. Damu ikanikauka.

Nikafungua mlango upana wa kidole, nikachungulia. Umeme ulikuwa umekatika, na mlango wa chumba cha mbele yangu ulikuwa wazi, nikadhani kutafuta mwanga. Kizingitini, juu ya kiti, miwani puani, Biblia mapajani, miguu ndani ya korido, ameketi Mama Clotilde.

Mama mzazi wa Jaël. Mama bukwe wangu!

Nikarudisha mlango pole pole, nikaketi kitandani, taulo bado begani.

Msomaji wa mbali atauliza: kwani mama mkwe ni simba? Afadhali simba. Simba utampigia madebe, ataondoka. Mama bukwe hapigiwi madebe. Sisi wenye asili ya Kasai hatumpi mkono, hatuli naye meza moja, hatumkazii macho. Ukimwona anakuja, unapinda njia, hata kama njia yenyewe ni moja.

Na kwa ukoo wa Jaël kuna zaidi. Mkwe akiwa na kesi, mama bukwe hatakiwi kabisa kumwona kabla familia haijakata maneno. Akimwona, watasema mkwe alikwenda kwa siri kuulainisha moyo wa mama. Hiyo kwao ni kijila, mwiko mkubwa. Kijila kikivunjika, kesi imekufa, na hakuna anayekuuliza kama ulikusudia.

Sasa nipigieni hesabu hiyo ninyi wenye akili. Nikitoka, Mama Clotilde ananiona, nimempoteza Jaël. Nisipotoka, saa sita inapita, nimempoteza Jaël.

Nikaenda dirishani. Nikashika zile antivol, nikatikisa. Mbeleji aliyezitia, popote alipo, alijua kazi yake. Nje, muuza mkate alikuwa anapita na beseni kichwani, anaimba bidhaa yake, huru kabisa. Nilimwonea wivu hadi nikaona haya.

Na tumbo, ndugu zangu, tumbo halijui kijila. Lilianza kuniuliza maswali. Chumbani palikuwa na ndoo ya maji ya kuogea. Sitasema zaidi. Ndoo ilikuwepo, na Mungu aliona.

Mlango ukagongwa. Nikaruka.

“Papa Arsène, chai!”

Alikuwa Placide mwenyewe, mwenye hoteli, mtu mnene wa ndara na funguo kiunoni. Nikamvuta ndani kwa mkono, chai ikamwagika nusu.

“Sema pole pole! Ule mama wa pale mbele, nani alimuleta huku?”

“Mama Clotilde? Alikuya jana na mangaribi. Kuko nini?”

“Njo mama bukwe yangu!”

Placide akaweka sinia chini. Akajifanyia ishara ya msalaba.

“Yezu wangu! Mukwe na bukwe mu nyumba moya? Mu nyumba yangu minye?”

“Na niko na kesi leo. Mbele ya saa sita.”

“Aaah, mawe! Batasema nyumba yangu iko ya bapagano.” Akashika kichwa. “Niende nimuambie afunge mulango?”

“Utamuambia juu ya nini? Ukisema mukwe anataka kupita, tayari nimemutumia neno. Mukwe mwenye kesi hatume neno ku mama bukwe.”

Kisha Placide akatabasamu, tabasamu la mtu anayejiona mjanja.

“Acha. Nitasema napiga deki.”

Akatoka. Nikabandika sikio mlangoni. Nikasikia ndoo, nikasikia ufagio, nikasikia anakohoa kwa adabu.

“Mama, samahani. Nataka kupanguza couloir. Ungeingia ndani kidogo, ufunge mulango.”

“Panguza tu, baba. Nitainua miguu.”

Naapa kwa marehemu baba yangu, aliinua miguu. Placide akapanguza, maskini, korido nzima, pasafi na pachafu. Akamaliza. Mama Clotilde akashusha miguu.

Kisha nikamsikia mama bukwe anasema, bila kubadilisha sauti, kama anayeuliza bei ya nyanya:

“Na ule muntu wa mu chambre ile, ataikala mule mupaka lini?”

“Muntu gani, Mama?”

“Placide, weye ni mukubwa, usiniongopee. Mukwe yangu. Nilimusikia jana anapiga chafya. Mu Katanga yote hakuna mwengine mwenye kuita Yezu mbele ya chafya.”

Niliziba mdomo kwa taulo. Ni kweli. Ndivyo ninavyopiga chafya. Jaël hunicheka kila siku kwa hilo, au alikuwa akinicheka.

“Kama unayua iko mule, Mama, juu ya nini unaikala pa mulango?” Placide akauliza.

“Naikala pa mulango juu mulango yako ilivimba na mvua, haifungike! Nilisukuma mupaka mabega ikaniuma. Na naimba, juu asikie, asitoke, asiharibu kesi yake. Unazani naimba hivi kila asubui? Koo inakauka! Na tangu macheo nataka kwenda ku choo, na siwezi kupita pale mbele yake. Minye vile vile niko mu kifungo, baba.”

Ee, wasomaji wangu! Mimi ndani nimemlaani mama huyu tangu asubuhi, kumbe alikuwa ananilinda kwa zaburi. Nilijisikia mdogo sana, na wakati huo huo nilitaka kucheka.

Placide akasimama katikati ya korido, mlango wangu kulia, mlango wa mama bukwe kushoto. Mama Clotilde akasema:

“Sikia, Papa Placide. Minye sisemi naye. Nasema na weye. Kama ukuta iko na masikio, haiko kosa yangu.”

“Ndiyo, Mama.”

“Nikuulize weye, Placide: ile bibi ya Kolwezi ni nani?”

Placide akageukia mlango wangu. “Mama anauliza, ile bibi ya Kolwezi…”

“Nimesikia,” nikasema. Kisha nikakumbuka. “Papa Placide, nasema na weye. Ule ni Cathy, dada yangu. Baba moya. Tulionana mara ya kwanza ku kilio ya baba. Alinipikia samaki, tukalia, tukakula. Njo ile tu. Mungu anitoshe roho kama naongopa.”

“Anasema…” Placide akaanza.

“Niko na masikio, baba.”

Nikasikia Mama Clotilde anavuta pumzi, anaitoa. Kila nilichokuwa nacho duniani kilikuwa kinangoja kwenye ile pumzi.

“Njo vile nilimuambia Jaël,” akasema hatimaye. “Nilimuambia, ule mwanaume ni mupumbavu kidogo, lakini haiko muongo.”

Nikashukuru. Sikujali ile ya upumbavu. Asubuhi hiyo ningepokea lolote.

“Na sasa weye uniambie, Papa Placide,” akaendelea, na sauti ikageuka, ikawa na makali. “Kaka yangu Déogratias aliniambia nyumba yake imejaa bageni, nikuye kulala huku. Nani alichagua hii chambre?”

Placide akababaika. “Yeye mwenyewe, Mama. Alikuya juzi, akatembea couloir yote. Akasema: ule bwana umutie huku, mama umutie pale, mulango ku mulango. Nilizani anataka mukuwe karibu juu muko bandugu.”

Nikaketi chini, kwenye vigae, mgongo mlangoni.

Déogratias! Yule aliyenitafutia chumba kwa sauti laini. Alijua mimi ni mtu wa adabu. Alijua nitakaa ndani kama panya mtegoni hadi saa sita ipite, na yeye ataiambia familia: mumeona, ametudharau. Na kama adabu ikinishinda nikatoka, dada yake mwenyewe ataniona, na kijila kitanimaliza. Mtego wa milango miwili, na chambo ni heshima yangu mwenyewe.

“Mais juu ya nini ananifanyia vile?” nikasema kwa nguvu, nikasahau hata kumtaja Placide.

Mama Clotilde hakukasirika. Alijibu kana kwamba anaongea na Biblia yake.

“Kuko bwana moya, Godefroid. Ananunua mawe ya shaba kule Kambove, iko na jeep. Anaikala kila siku mu parcelle ya nyumba ya kaka yangu, anamuangalia mutoto yangu. Jaël hamutake. Lakini nani anamuuliza Jaël?”

Sikusikia jeep, sikusikia shaba. Nilisikia hilo moja tu: Jaël hamtaki.

“Papa Placide,” mama bukwe akasema, “kuko maneno ya bazee: kama mama anafunika kichwa na kupa ukuta uso, hajaona kitu. Nitafunika kichwa na kitenge. Nitageuza kiti. Nitaimba. Wimbo ikianza, kama kuko muntu mwenye kupita, apite. Minye sijue kitu.”

“Saa ngapi sasa?” nikauliza.

“Karibu saa tano na nusu,” Placide akasema.

Sikuoga. Nilivaa koti juu ya shati la jana, nikapaka mate kwenye viatu. Wimbo ukaanza, tena safari hii aliuimba kwa haraka, kama mtu wa kwaya anayewahi choo. Nikafungua mlango. Nikapita ubavu ubavu, mgongo ukutani, macho kwenye dari. Hata kisogo cha Mama Clotilde sikukiona. Naweza kuapa mahali popote.

Nilipofika mwisho wa korido nilitaka kurukaruka. Nimetoka! Sebule hii hapa, mlango wa nje ule pale, nyumba ya mjomba ni mwendo mfupi tu kwa pikipiki ya kukodi.

Nikasukuma pazia la sebule.

“Karibu, mukwe,” sauti laini ikasema. “Tulikuwa tunakungoja.”

Mjomba Déogratias alikuwa amekalia kiti kikubwa cha Placide, suti ya kijivu, fimbo katikati ya magoti. Pembeni yake wazee wa ukoo, wajomba na mashangazi, wamejaza makochi yote hadi viti vya plastiki vya uani; kumbe waliingia wakati wimbo umefunika kila kishindo. Na karibu na dirisha, kitambaa cheupe kichwani, mikono mapajani, Jaël.

Alikuwa amekonda. Alinitazama mara moja, akainamisha macho.

Ukistaajabu ya Musa, utaona ya Firauni.

“Bandugu,” mjomba akasema, hana haraka, “nilibaambia tuikale kwangu. Lakini nilipata habari ya aibu: mukwe alilala nyumba moya na mama bukwe yake, mu wakati ya kesi. Nikasema hapana, tuende tuone na macho. Na sasa mumeona. Ile couloir anatokea, Clotilde eko mule. Mulango ku mulango.”

Mashangazi wakaguna. Mzee mmoja akatema mate kwenye leso.

“Oncle, naomba kusema…” nikaanza.

“Alikuona?”

“Hapana! Alifunika kichwa!”

Loo! Mdomo wangu huu! Mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nimekiri mbele ya ukoo mzima kwamba nilijua yuko pale, na kwamba tulipatana.

Mjomba akatabasamu, akawageukia wazee. “Munasikia? Alifunika kichwa. Donc balisemezana.”

Hapo nikasikia ndara za mwanamke kwenye korido, zinakuja, hazisiti. Nikageuka upesi, nikaweka uso ukutani, kama mwanafunzi wa shule ya msingi aliyepewa adhabu. Pua yangu ilikuwa inagusa kalenda ya Placide. Pazia likavutwa nyuma yangu.

“Sikumuona,” Mama Clotilde akasema. “Na hata sasa namuona mugongo tu. Déo, uambie bantu nani alinitia mu ile chambre.”

“Dada, hapa ni kesi ya bwana huyu…”

“Uambie!”

“Nyumba yangu ilijaa bageni.”

“Bageni gani? Shangazi Léontine, weye unalala kwake. Uliona bageni?”

Sauti ya kikongwe ikajibu kwa aibu: “Minye niliona tu ule bwana wa jeep.”

Minong’ono ikaanza. Mjomba akagonga fimbo chini. Mama Clotilde hakumngoja.

“Papa Placide! Nani alichagua byumba?”

Nilimsikia Placide akirudi nyuma hatua moja. Msimlaumu. Déogratias si mtu mdogo Likasi, na nusu ya wateja wa ile hoteli hutumwa na yeye. Funguo zake ziligongana kiunoni. Niliomba Mungu kwa macho yaliyofumbwa, pua kwenye kalenda.

“Ni… ni weye, Papa Déogratias,” Placide akasema. “Ulisema mulango ku mulango. Minye sikuyua kama beko bukwe. Kama ningeyua, singekubali, hata kidogo.”

Ndugu wasomaji, sebule ililipuka. Wazee wote walisema pamoja. “Déo, ulifanya vile?” “Kutegea muntu na kijila ya babu zetu?” “Ile ni haya kubwa!” Yule mzee wa leso alisimama, akasema kwamba kijila kimeharibiwa na mwenye kukilinda, mkwe hana kosa, wasikilize sasa maneno ya Kolwezi watu waende kula.

Nilikuwa nimeshinda. Mnanisikia? Mimi, Arsène, mtu wa balaa, nilikuwa nimeshinda kesi nikiwa nimeangalia ukuta. Ilikuwa imebaki tu kusema habari ya Cathy, kuomba radhi, na kumshika mke wangu mkono mpaka stendi ya mabasi.

Laiti Mama Clotilde angenyamaza! Lakini hasira ya mama huyo ilikuwa imekaa ndani siku nyingi, na mlango ulikuwa umefunguka.

“Mutoto yangu munamuuzisha juu ya jeep,” akasema. “Minye munanifungia mu chambre mupaka nashindwa kwenda ku choo. Na huyu munamuwekea ukuta usoni kama muizi. Basi ile kijila minye naikataa leo. Minye njo nilizaa Jaël. Mama mwenye kuzaa anaweza kumufungua mukwe yake. Arsène!”

Hakuwahi kunitaja kwa jina. Kamwe. Hata siku ya ndoa alisema “ule bwana”.

“Arsène, geuka. Unipe mukono.”

Watu wote wakasogea mbele vitini. Hata mashangazi.

“Clotilde,” mjomba akasema taratibu, na nikasikia furaha imerudi kwenye koo lake. “Kwetu mama anazaa, mujomba anasema. Bandugu, muko bashahidi. Nilikosa juu ya chambre, nakubali. Lakini kama huyu anashika ile mukono mu kesi, mbele yetu shiye wote, haiko mukwe yetu tena. Anatoka hapa bila bibi. Njo vile, ao haiko vile?”

Nilingoja wazee wabishe. Hawakubisha. Mzee wa leso alisema kwa huzuni:

“Njo vile.”

“Geuka, mutoto yangu,” mama bukwe akasema.

Nikageuka.

Alikuwa mdogo kuliko nilivyofikiri. Miaka yote sikuwahi kumtazama, nilidhani ni mwanamke mrefu. Kitenge kilikuwa kimemteleza kichwani, nywele nyeupe zimetokeza, miwani imepinda. Mkono wake ulikuwa mbele yangu, mtupu, na watu wote wanautazama.

Nikiuacha hewani, nimemvunjia uso mbele ya ukoo wake, yeye peke yake aliyenitetea. Nikiushika, nimempoteza Jaël. Pale chumbani nilikuwa na kuta nne. Hapa sikuwa na hata moja, na sikuweza kusogea.

Nilimtafuta Jaël kwa macho. Alikuwa amejifunika uso kwa viganja. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Sikujua kama analia kwa ajili yangu au kwa ajili ya mama yake au kwa aibu tu. Miezi yote hiyo hakunijibu simu, hakutuma salamu. Nikajiambia: Arsène, huyu alikwisha kukuacha zamani, wewe tu ndiye hukusikia. Na tangu niponyokwe na kazi hakuna mtu aliyeninyooshea mkono. Mkono huu ulikuwa wa kwanza.

Machozi yalinitoka, siwafichi. Nikanyoosha mkono.

“Arsène, hapana!”

Jaël alikuwa amesimama, kiti chake kimeanguka nyuma.

“Usimushike! Ngoja! Nilisha kufunga valize yangu ya nguo, iko pa mulango ya oncle. Leo nilitaka kurudia na weye. Usimushike, bataninyima kwenda!”

Lakini mkono wa Mama Clotilde ulikuwa tayari ndani ya mkono wangu, na yeye, kwa furaha, alikuwa ameubana kwa mikono yote miwili.